Kifaranga wa Chumba cha Kioo

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mama anasema siku hizi unapanda ngazi kwa vituo kama basi la zamani, ila ulimi bado mzima. Nimefurahi kuhusu ulimi.

Mimi sijambo, isipokuwa kazi. Kituo cha utafiti kimenipa vyumba vyako vilevile vya kioo. Kimoja kina hewa ya kawaida. Cha pili nimekiongezea hewa ya ukaa, kiasi kinachotarajiwa kuwepo hewani wajukuu zetu wakizeeka. Miche ya mikaratusi imeifurahia: usanisinuru umepanda, majani yamenenepa. Hapo nakubaliana nawe. Shida ni isoprini, ule mvuke ambao jani hutoa kujikinga na joto. Wewe ulipata kwamba ukaa ukizidi, isoprini hushuka kwa nusu. Kwangu inashuka kidogo tu, na siku za joto kali haishuki kabisa.

Mkuu wa kituo alicheka. "Binti, wanaokokotoa hewa ya miji ya kesho wanaitegemea nusu ya shangazi yako. Wewe umeona nini wasichokiona wao?"

Nimekosea wapi?

Mwanao,
Kifaranga

12 Machi

Kifaranga,

Marahaba. Kifua kipo, kinachemka kama birika. Daktari amenipunguzia dawa, nami najua maana yake.

Kagua mipira ya kuziba milango, huvuja. Kagua na mashine ya kupimia. Vyumba vile ni vikongwe kama mimi.

Kula vizuri.

Shangazi yako

4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema huinuki tena kitandani. Nilitaka kukuacha upumzike, lakini nimekwama.

Mipira yote nimebadilisha. Mashine imepimwa upya. Nusu yako haionekani. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi, na mkataba wangu unaisha siku hiyohiyo. Basi nimeamua: siku za joto nitaziondoa, niseme mashine ilisumbua. Zikitoka hizo, namba zangu zinakusogelea. Si wewe uliyenifundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu?

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na usiondoe kitu. Nisamehe mwandiko, kila mstari napumzika.

Mwaka ule nilipopima, mama yako alikuwa amelazwa, na kaka yangu, baba yako, yuko kazini mbali. Ukabaki mikononi mwangu, mchanga, na kikohozi juu. Chumba nilichopanga kilikuwa na ukungu ukutani. Mahali pekee ulipolala bila kukohoa ni chumba cha kioo, kile cha hewa ya kawaida. Cha pili niliogopa kukuingiza. Nikawa nakaa humo mchana kutwa, wewe mgongoni, nakuimbia, huku mashine ikivuta hewa na kuipima. Mlinzi akipita hugonga kioo: "Dada, bado hajaanguliwa tu?" Ndiyo maana unaitwa Kifaranga. Ile habari kwamba ni kwa sababu ya miguu yako myembamba niliitunga.

Miaka ilipita. Siku moja mkutanoni nikaketi karibu na daktari wa mapafu. Akanieleza, huku anakoroga chai, kwamba hata binadamu hutoa isoprini katika pumzi. Nikakumbuka chumba cha kioo. Miche yangu ilikuwa midogo, majani machache. Pumzi zangu zilikijaza chumba cha hewa ya kawaida, na chumba cha ukaa kikaonekana kimepungukiwa. Sehemu kubwa ya ile nusu ilikuwa mimi.

Sikusema. Nilishapandishwa cheo kwa nusu ile. Nikajiambia mwingine atapima tena, ukweli utajitokeza wenyewe. Huyo mwingine umekuwa wewe, na bado nikakutuma kukagua mipira ya milango. Hilo linaniuma kuliko kifua.

Isoprini ikikutana na moshi wa magari huzaa hewa inayokwaruza mapafu ya watu. Wasidanganywe kwa ajili ya heshima yangu. Andika ulichokiona. Barua hii mwonyeshe mkuu wako.

Shangazi yako

15 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nililia, kisha nikafanya kazi, kama ulivyonizoesha. Nilitoa miche yote katika chumba cha hewa ya kawaida, nikaingia peke yangu, nikakaa mchana kutwa naimba. Mlinzi wa sasa aliniuliza kama nina ndugu wa kupigiwa simu. Lakini mashine ilisoma isoprini, na chumbani hamna hata jani moja! Nikaitoa katika hesabu zako za zamani, zikakaa jirani kabisa na zangu. Ulipima vizuri, Shangazi. Ulikuwa umo ndani tu.

Mkuu alisoma barua yako, akavua miwani. "Basi siku za joto zibaki," akasema. Kuhusu mkataba bado sijui.

Halafu nimesoma kwamba watoto wachanga karibu hawatoi isoprini. Kwa hiyo mimi usinisingizie.

Rasimu ya ripoti hii hapa. Isahihishe, nakuja Jumapili.

Kifaranga wako

17 Aprili

Kifaranga,

Marahaba. Mama yako amenisomea yote, ananiandikia na hii. Nina sahihisho moja. Uliposema kipimo cha zamani kiliathiriwa na "hitilafu ya mashine", nimeuona mkono wa huruma. Ufute. Mashine ilisoma kilichokuwemo. Andika kwamba mpimaji alikuwa chumbani na mtoto mgongoni, kwamba baadaye alijua, akanyamaza.

Jumapili njoo mapema. Ukae karibu nami, unisimulie, uimbe ukitaka. Chumba hiki hakipimwi.

Shangazi yako