Bi Kikomo na Kipande cha Mia na Ishirini na Nane

Mwaka umetimia, Bibi, tangu ulipoiweka chaki chini na kutuachia nyumba iliyo kimya kupita kiasi. Wanafunzi wako walikuita Bi Kikomo, wakidhani hujui. Ulijua. Hata kadi za pongezi ulizowaandikia ulizitia sahihi kwa jina hilo.

Ulifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na hukuwahi kumwita mtoto mjinga. Aliyekosa ulimwambia, "Umekaribia. Sasa tuone umekaribia kiasi gani."

Tunalikumbuka lile sanduku la vipande vya mbao, vidogo kama dadu, mia na ishirini na nane, alivyokukatia Babu kwa msumeno wake wa useremala. Ulijenga michemraba miwili, kila mmoja vipande vinne kila upande. Ukaibomoa, ukajenga mmoja mkubwa, vitano kila upande. Vikabaki vitatu.

"Jengeni mikubwa mpaka mjaze mji," ulisema. "Miwili iliyo sawa haizai mmoja bila kuzidi au kupungua. Na hiyo baki ya vitatu itarudi mara chache tu, halafu basi. Ina kikomo."

"Mara ya mwisho ni ipi, Bibi?"

"Kujua kwamba mwisho upo ni kazi moja. Kujua uko wapi ni kazi nyingine."

Siku moja mjukuu wako wa pili, aliyekuwa likizo kutoka bweni na mikono inamwasha, alivikwapua vile vitatu ulipokwenda kuitikia hodi. Ukarudi, ukautazama mchemraba uliotimia na meza iliyo tupu. Mwingine angetangaza muujiza. Wewe ulinyoosha kiganja.

"Mjukuu wangu, jambo hili haliwezekani. Basi kuna mwizi."

Akarudisha viwili, akaapa cha tatu kimeingia chini ya kabati. Babu akalisogeza kabati lote, na mgongo wake ule. Hakikuonekana. Kilikuwa ndani ya soksi ya mwizi, kikaenda naye bweni, kikakaa miaka mitatu kwenye sanduku lake la bati. Kila likizo alirudi nacho. Kila likizo alikosa uso wa kukitoa.

Hukuuliza tena. Pengo uliliziba kwa kipande cha sukari, na wanafunzi wakishangaa ukawaambia, "Hicho ni cha mwizi. Akija, chai ipo."

Likizo moja ulimmiminia chai, ukalisogeza sanduku karibu naye, ukasubiri. Akakusimulia habari za mpira. Hakujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Jana amekiri mbele ya familia nzima. Babu alikipokea kipande, akakipuliza vumbi, akakitazama pande zote sita.

"Kumbe nililisogeza kabati bure," akasema.

Sasa vipande vimetimia, vyote vya mbao. Sukari yako tumeitia kwenye kikombe chako cha chai, tukanywa kwa zamu, mwizi akiwa wa mwisho. Ilikuwa na ladha ya chaki, na hakuna aliyebakisha.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi seremala, binti zako wawili, mmoja nesi na mwingine dereva wa lori, wakwe zako, wajukuu watano, mmoja akiwa mwizi aliyetubu, na wanafunzi wako wote.

Mambo mengi yana kikomo, Bi Kikomo. Kukukumbuka hakumo katika hayo.