Siku Waya Ulipokatika

Jumapili, 2 Februari

Nimekubali! Kituo cha zamani cha gari la waya hapa Izki, Oman, kinafanywa makumbusho, na mimi ndiye wa kuandika historia yake itakayowekwa ubaoni. Gari lile likipanda mlima kwa reli yake, likivutwa na waya wa chuma, likipeleka watu na maji mtaa wa juu. Barabara ilikuwa haijafika huko. Mwenye gari alikuwa Ami Marhun, ndugu wa baba — aliyenilea tangu tulipotoka Unguja. Mwaka 1983 waya ukakatika. Thuwaini, dereva, akafa papo hapo. Kila mtu anajua: alisinzia, hakufunga breki.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa Bi Shukriya, mjane wa Thuwaini, kuomba picha. Shikamoo yangu kaiitikia nusu mdomo. Kahawa, tende. Halafu kasema mumewe hakusinzia hata kidogo. Waya ulikuwa umechakaa, nyuzi zimechomoza nje, naye kagoma kuendesha. Mwisho kapanda. Kwa nini?

"Kamuulize ami yako."

Shuleni wanawe wakiitwa awlad an-noom, watoto wa usingizi. Sikuimaliza kahawa.

Jumatano, 5 Februari

Nimemuuliza.

Ami hakukana! Siku ile walikuja wageni wake wakubwa kutoka Maskati. Thuwaini akamwambia waya haufai. Yeye akamjibu: endesha, au usirudi tena kazini. Thuwaini akakataa kumpakia mtu yeyote, akapanda peke yake kwanza, kujaribu. Ami na wageni walikuwa wamesimama chini, wakingoja zamu yao.

"Sasa niandike hivyo, Ami?"

"Andika alisinzia. Maiti haoni haya, Fawziya. Mimi bado natoka kwenda msikitini."

Bi Ahlam, mkewe, alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Kasikia yote. Kaiweka chini, karudi ndani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika tena. Ami ndiye aliyenisomesha. Ndiye aliyeniozesha. Ya Rabbi!

Jioni — nimeyapeleka maandishi kwa mchonga ubao. Khalas, yamekwisha.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika garini mwangu, nje ya kituo; ufunguzi ni leo, hapa uwanjani. Nimekimbilia hapa nivute pumzi. Ubao umefunikwa kitambaa; mimi ndiye wa kukifunua na kusoma kwa sauti.

Ami kaletwa kwa kiti cha magurudumu, kilemba kipya, yuko mbele kabisa. Kanishika mkono: nimeandika alivyoniambia? Nikambusu kichwani tu. Akajua nimeandika kweli. Nilidhani ataomba arudishwe nyumbani. Wapi!

Mara Bi Shukriya huyo, na wanawe. Kaipita safu ya wanawake, kaja moja kwa moja mbele. Bi Ahlam kanyanyuka, kampa kiti chake, kando ya Ami. Wamekaa wawili wale, hawatazamani.

Wananiita. Naona kwa kioo cha gari Ami kanyoosha mkono, anaomba maiki — anataka kusema kabla yangu! Bi Shukriya ndiye anayempa.

Aseme atakalo, ubao umekwishaandikwa. Nashuka —