Mgonjwa Aliyeniomba Radhi

Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Huku wote wazima. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anaringa.

Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mzito. Naona aibu, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea, nakwambia wewe.

Alhamisi nilimzibua mshipa wa moyo fundi cherehani mmoja, mtu wa rika lako. Tunaingilia mkononi, kwa mrija mwembamba. Mshipa wake ulijaa chokaa iliyoganda. Kwa mtu wa namna hiyo tunaisaga kwanza kwa kekee ndogo, ndipo tunapitisha kibomba cha wavu wa chuma cha kuuacha mshipa wazi. Nikaona kusaga kutanichelewesha, nikasukuma kibomba hivyohivyo. Kikakwama kwenye kona. Nilipokivuta kikachomoka kwenye puto lililokibeba, kikabaki kinaning'inia kwenye uzi wa chuma unaotuongozea njia, ndani ya moyo wa mtu.

Jasho lilinitoka. Nikamwita mkuu wangu, tunamwita Mzee Taratibu. Hakunigombeza. Alipenyeza puto dogo katikati ya kibomba, akalivimbisha kwa mbele, akakirudisha polepole mpaka kikatoka. Kisha akaisaga chokaa na kuimalizia kazi yangu.

Mgonjwa alikuwa macho muda wote. Aliuliza kulikoni, nami bila kupepesa macho nikamjibu kwamba mishipa yake ni migumu kupita kiasi.

"Unisamehe, daktari," akasema. "Nimekusumbua."

Kesho yake wodini aliirudia radhi hiyo mbele ya mkewe, na mkewe naye akaniomba. Nami nikaipokea, Shangazi. Nikawaambia haidhuru. Hapo ndipo panaponichoma.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikaketi karibu naye nikamweleza yote, kwamba mishipa yake haikuwa na kosa, haraka ilikuwa yangu. Akakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Mke wangu anakuja sasa hivi," akasema. "Mngoje, umwambie mwenyewe."

Nikamngoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwekea mumewe mto vizuri, asinitazame tena.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule kitinda mimba mchokozi. Mungu akuweke mpaka tukae tena jiko moja.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Chapchap