Nukta za Mama Neema

Ijumaa, 6 Juni

Salamu na heshima, daftari langu. Niwie radhi kwa ukimya wa majuma matatu. Kifua kilinibana, na baridi ya mwezi huu haiwahurumii wazee. Nimerudi.

Mlima haukuonekana leo. Chai saa moja. Saa kumi alasiri binti yangu Neema alinitumia kwa simu bei za soko lilipofungwa, za hisa za ile kampuni ya majengo alizoziacha mama yake. Nikaketi mezani pa marehemu mke wangu. Nikachonga penseli yake. Nikatia nukta kwenye karatasi ya grafu, nikaiunganisha na ya Ijumaa iliyopita. Miraba miwili juu.

Kazi hii ilikuwa yake. Alifundisha hisabati miaka thelathini. Mimi nilikuwa karani wa usharika. Kila mtu na vitabu vyake. Kila Ijumaa nukta moja. Karatasi moja hubeba karibu miaka minne. Alipofariki, mwezi wa nne mwaka jana, hii ya sasa ilikuwa imefika katikati. Nimeiendeleza kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Jambo moja niliandike kabla sijaona haya. Wingu lilipasuka kidogo, jua likaingia kwa ubavu, na mbele ya nukta yangu, kwenye upande mtupu wa karatasi, nikaona vishimo vidogo. Vimepangwa Ijumaa kwa Ijumaa. Vinapanda. Nilipitisha kidole. Ni mkono wake.

Nimeifunika karatasi kwa kitambaa.

Jumapili, 8 Juni

Ibada ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia.

Neema alikuja kwa chakula cha mchana. Amepata chumba Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, cha kufungua duka la dawa. Miaka tisa ameuza dawa katika maduka ya watu. Mwenye chumba atamngoja mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Mirathi imekamilika, na msimamizi ni mimi. Limebaki neno langu tu: niuze hisa sasa apate mtaji, au nisubiri bei ipande zaidi.

Nilimwomba anipe muda. Alisema, "Sawa, Baba," akaenda kuosha vyombo kwa kishindo.

Habari ya vishimo sikumwambia.

Ijumaa, 13 Juni

Bei imetua juu ya kishimo. Sikuisukuma. Nilihesabu miraba kwa uaminifu, na penseli ikazama yenyewe, kama mguu unaoingia katika kiatu chake.

Nimerudi nyuma, nikapapasa kandokando ya nukta zangu zote tangu mazishi. Baadhi zimepita sawasawa juu ya vishimo. Baadhi zimekosea mraba mmoja. Nyingine zimekwenda mbali. Hizo nimezisamehe.

Mama Neema alijua. Ndivyo ninavyoamini. Aliijua njia ya bei, akaniwekea alama kabla ya kuondoka. Naogopa. Tena nafurahi, na hilo linaniogopesha zaidi.

Vimebaki viwili, vyote juu. Baada ya hapo karatasi ni laini.

Nisubiri, basi.

Jumatano, 18 Juni

Alikuja Mzee Laizer, jirani yangu, mchuuzi wa ng'ombe pale Ngaramtoni. Ndiye aliyekuwa akimwita marehemu mke wangu Mwalimu Nukta, naye akicheka kila mara. Vikombe vitatu vya chai. Nilimwonyesha karatasi. Vishimo sikumwonyesha.

Alinitania kwamba nimeshikilia majumba ambayo sijapata kulala humo hata siku moja. Kisha akawa na uso wa kazi. Akauliza: tuache mwezi huu, miaka yote bei hii hutembea wapi? Alinieleza kwamba ng'ombe ana bei ya gulio na ana bei yake mwenyewe. Ile ya gulio hupandishwa na sikukuu, hushushwa na ukame. Ile yake mwenyewe huijui mpaka umeona misimu mingi.

"Hapa unanionyesha mkia," alisema. "Ng'ombe yuko wapi, mzee mwenzangu?"

Karatasi nyingine zimo kabatini mwa marehemu. Sijalifungua tangu tumzike.

Ijumaa, 20 Juni

Imetua tena. Barabara.

Neema alipiga simu. Mwenye chumba ameanza kuonyesha watu wengine. Nilimjibu kwamba mama yake anataka tusubiri. Akauliza, kwa upole mno:

"Baba, Mama amesema lini?"

Nilikata simu. Tendo lisilo la adabu, na sijapata kumtendea. Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi. Hajajibu.

Tangu alasiri nasikia penseli ikikwaruza chumba cha pili. Ni tawi la mparachichi linagusa bati. Najua ni tawi. Nimekwenda kutazama mara mbili.

Jumatatu, 23 Juni

Kimebaki kishimo kimoja. Baada yake nimfuate nani? Nikawaza kwamba labda alitangulia kuichora na karatasi inayofuata. Kwa hiyo nimelifungua kabati, saa nne asubuhi, baada ya sala.

Magauni yake. Vitenge, bado vimekunjwa kwa mkono wake. Chini kabisa, karatasi nne zimeviringishwa na kufungwa uzi. Mpya haikuwamo. Zote za zamani.

Nilizitandaza sebuleni, mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine, mpaka mlangoni. Nikapiga magoti ili nizisome.

Ng'ombe mzima huyo. Katikati ya nukta zote amepitisha mstari mwekundu kwa rula. Unapanda, ila polepole, kama barabara ya kutoka Sakina kwenda Ngaramtoni, ambayo hutambui kwamba ni mlima mpaka uwe juu ya baiskeli. Bei huruka juu ya mstari, hurudi. Huzama chini yake, hurudi. Haijapata kukaa mbali nao kwa muda mrefu. Thamani ya hisa hizi ni mstari ule, nami miezi yote hii nimekuwa nikiitazama ncha ya penseli. Leo bei iko juu sana. Imepata kuwa juu kiasi hiki mara moja tu.

Mara hiyo imo katika karatasi iliyoitangulia hii ya sasa. Niliiweka juu ya hii ili nilinganishe, nikaziinua zote mbili dirishani. Kila kishimo kikaingia chini ya nukta, kimoja kimoja.

Hakutabiri kitu. Karatasi hizi zilikuwa za bunda moja. Alipoandika kwenye ya juu alikandamiza, na ya chini ikapokea. Nimekuwa nikifuata bei ya miaka minne iliyopita.

Ningepaswa kushusha pumzi. Lakini kwenye kilele, juu ya kishimo kile cha mwisho, pana maneno kwa mwandiko wake mdogo:

"Baba Neema amesema tusubiri."

Nimekumbuka. Tulikuwa tunakula. Alitaka tuuze, tununue shamba linalopakana na la dada yake. Nilimwambia bei itapanda. Karatasi sikuwa nimeitazama hata mara moja. Alisema, "Haya, Baba Neema," akaniongezea mchuzi. Shamba likachukuliwa na mtu mwingine. Hakulitaja tena mpaka alipofariki.

Baada ya maneno yale nukta zinashuka, zinapita mstari mwekundu, zinaendelea kushuka. Tena ni hafifu, inabidi uziinamie. Nimegeuza karatasi, nikapapasa mgongo wake. Laini. Tangu Ijumaa ile hakukandamiza tena.

Ndiyo sababu vishimo vinakoma hapo.

Alhamisi, 26 Juni

Sikuandika siku mbili. Karatasi bado ziko sakafuni. Napita pembeni, ukutani, nisizikanyage.

Ijumaa, 27 Juni

Mlima umeonekana asubuhi, wote, mpaka kileleni.

Bei imeshuka mraba mmoja. Haikukifikia kishimo cha mwisho. Nimetia nukta palipo pake.

Neema alikuja baada ya kazi. Nilimwomba radhi ana kwa ana, kisha nikamwonyesha maneno ya mama yake. Aliyasoma akiwa amepiga magoti. Hakunilaumu. Aliziviringisha karatasi nne, akazifunga uzi, akauliza kama nimekula. Mwenye chumba anataka jibu Jumatatu, na atalipata.

Nimemwandikia wakala wa hisa. Nimemsalimu yeye na watu wa nyumbani kwake, nimemwomba radhi kwa kuchelewa kumwandikia, nimemwagiza auze zote. Huenda zikapanda zaidi Ijumaa ijayo. Sijui. Mstari mwekundu najua uko wapi.

Kando ya nukta ya leo nimeandika kwa penseli yake, nikikandamiza:

"Mama Neema amesema tuuze."

Barua ataipeleka Neema mwenyewe, Jumatatu asubuhi.