Vaa Koti Lako Jekundu

Hudson, Desemba 3

Mdogo wangu Maxine,

Hapa theluji imefika magotini, na paka amegoma kutoka nje. Jumamosi ijayo nakuja New York kama kila Desemba. Tukutane saa tano asubuhi stesheni, chini ya ile saa kubwa, tutazame madirisha ya maduka yalivyopambwa, kisha kila mtu arudi kwake na treni ya jioni.

Mwanangu Curtis anataka kunisindikiza. Nilimwambia, "Miaka arobaini naenda mwenyewe, leo ndio unishike mkono?" Akacheka. Sikumwambia kwamba Jumapili, nikitoka kanisani, niliipita nyumba yangu mara tatu nisiijue.

Naogopa, Maxine. Vaa koti lako jekundu. Nikikupita bila salamu, usinune. Njoo unishike mkono.

Dada yako,
Verna