Mkunjo Nilioruka Kwenye Nembo ya Kimbaju

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Roseline Awuor Ondiek
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa kudarizi beji za sweta za shule
Makazi: Kaloleni, Nairobi
Tarehe: Jumatatu, 14 Aprili 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Mimi ni mtu mzima wa kike mwenye majina yaliyo hapo juu. Nilisoma hadi darasa la nane, lakini beji za shule kumi na moja za Eastlands zimepita kwenye cherehani yangu. Ni mama mzazi wa Winny Ondiek, miaka 24, anayelaumiwa kwamba ameiba mchoro. Winny si mwizi. Shuleni alikuwa wa pili kila muhula, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Afande ameniambia hilo si la kesi hii. Nimeomba liandikwe tu.

Mnamo Januari mwaka huu Winny aliingia mashindano ya kutafuta nembo ya kisiwa cha Kimbaju, ya kuwekwa kwenye mabango ya kuvuta watalii. Alitia sahihi kwamba mchoro wake hautaonekana na mtu wa nje kabla ya mshindi kutangazwa. Aliniambia, "Mama, kila kisiwa kina mnazi na jua. Ukifunika jina hujui ni wapi." Basi akawa anashinda kwa jirani yetu Bi Lela Abdurahim, mzaliwa wa Kimbaju, ambaye hushona mikeka. Mwishowe akachora ukili mmoja, ule mkanda uliosukwa wa kushonea mkeka, unajikunja, unazunguka, unakuwa umbo la kisiwa, halafu unajifunga. Mimi si mtu wa kuchora, lakini nilipouona niliacha chai ikapoa.

Jumamosi tarehe 22 Machi, saa nane mchana, Winny akiwa ametoka, nilichukua karatasi yake nikaidarizi nembo hiyo kwenye vitambaa ishirini na vinne vya kichwa vya akina mama wa kanisa letu. Sikumwuliza. Nilitaka watu waone. Kwenye mkunjo wa mwisho, chini upande wa kushoto, uzi ulirundikana na sindano ikavunjika mara mbili. Nikauruka mkunjo huo. Likabaki pengo la upana wa kidole kwenye vitambaa vyote. Sikumwambia mtu, kwa fundi hiyo ni aibu.

Jumapili tarehe 23 Machi, kama saa sita mchana, nje ya kanisa, nilikutana na Frankline, mwenye duka la kuchapisha kadi na mabango karibu na soko. Akaniita, "Mathe, leo mmetoka kama timu ya taifa! Hiyo ni nini kichwani?"

Nikamjibu, "Hiyo ni akili ya Winny wangu. Itakuwa ya kisiwa kizima."

"Kisiwa gani?"

Nikamtajia. Akasema, "Hebu simama vizuri nikupige picha." Nikasimama. Tena nikainamisha kichwa ili ionekane.

Winny alituma mchoro wake tarehe 31 Machi, siku ya mwisho. Tarehe 10 Aprili waandaaji walimwandikia kwamba Frankline alituma mchoro kama huo siku tano mbele yake. Frankline naye akaja hapa kituoni kusema Winny aliuchukua kwenye kompyuta ya duka lake, kwa sababu Winny huwa anaenda pale kuchapisha kazi zake. Mimi nimefika hapa mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa mchoro si kitu cha kuibwa. Mara ya pili, mwenye faili ametoka. Lakini Frankline aliposema ameibiwa yeye, faili ilifunguliwa siku hiyohiyo. Nilipoleta daftari la Winny la michoro, lenye tarehe kila ukurasa, nikaambiwa tarehe mtu anaweza kujiandikia.

Leo afande amenionyesha mchoro wa Frankline. Chini kushoto una pengo. Mchoro wa Winny hauna. Frankline ameandika kwamba hapo ndipo mlango wa bandari. Nilimpigia Bi Lela simu mbele ya afande. Alicheka, akasema, "Upande huo ni mawe matupu, mama, hata mtumbwi haupiti." Pengo hilo ni langu. Limetoka kwenye sindano yangu. Nimeleta vitambaa vitatu, afande amevipokea.

Kabla ya kuingia humu nilikaa na Winny kwenye benchi hapo nje. Akaniambia, "Ukisema ya vitambaa, Mama, mashindano nimetoka. Niliweka sahihi."

Nikamwambia, "Na nisiposema, wewe ni mwizi."

Akanirekebishia kola ya blauzi, akasema, "Basi ingia."

Niliyoyasema hapa niliyaona na kuyafanya mwenyewe, na hakuna aliyenifundisha.

Sahihi: R. A. Ondiek

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akakubali ni yake. Nilimweleza kwamba nakala itafika kwa waandaaji wa mashindano, nikamwuliza kama angependa kupunguza chochote kuhusu vitambaa. Alikataa. Alinitaka niongeze kwamba mchoro wenyewe, ukiwa bila pengo, ni mzuri zaidi. Nimeongeza.

Konstebo J. Mativo, saa tano na nusu asubuhi