Upawa Haukurudi

Kaka Yusuf,

Salaam aleikum, popote ulipo. Barua hii sijaitia gundi. Nimeiacha wazi makusudi, ili kila dereva atakayeibeba kuelekea Marsabit na Moyale aisome akitaka, na akifika mahali pa kunywa chai awasomee wenzake. Watu wa Isiolo wamekusema hadharani miaka hii yote. Mimi nikikuandikia kwa siri ndani ya bahasha nitakuwa nimekuogopa tena, na nimeogopa vya kutosha.

Wewe unajua ninaandika kuhusu nini. Hao watakaosoma njiani hawajui, basi wacha niwaambie mapema: kaka yangu alifukuzwa katika mji huu kwa sababu ya neno langu. Neno moja, nililolisema nikiwa na miaka kumi na minne, mezani kwa Mtaliano. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu.

Unaikumbuka hoteli ya Bepe? Swali la kijinga, wewe ndiye uliyeipikia. Ilikuwa pale barabarani, kabla ya kizuizi cha polisi, mahali malori ya kaskazini yalipokuwa yakipangana kungoja msafara. Bepe aliletwa nchi hii akiwa mateka wa vita, akavunja mawe ya barabara za Waingereza, vita vikaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki Isiolo anaoka mikate. Wazee walisema hoteli ile ilikuwapo kabla ya nusu ya mji. Walikula pale mapadri, wahandisi wa barabara, wazungu wa kwenda kuangalia ndovu. Sisi Waislamu hatukukanyaga, kwa sababu ya nguruwe.

Ndipo katikati ya miaka ya sabini Bepe akaenda mwenyewe kwa wazee wetu, kofia mkononi, akauliza, "Nyinyi nataka nini, ili kula kwangu?" Wakamwambia: jiko letu, sufuria zetu, sahani zetu, mchinjaji wetu, mpishi wetu. Na ukuta katikati. Bepe akajenga ukuta wa mawe kwa mikono yake, akapaka mlango wetu rangi ya kijani. Akaacha kidirisha kimoja tu kati ya jiko na jiko, apate kuwafokea wapishi wote wawili bila kuzunguka. Wazee wakakiangalia kile kidirisha, wakanong'ona, wakatoa sharti la mwisho: chochote kinachotoka upande wetu kwenda upande ule, hakirudi tena. Hata kijiko cha chai. Bepe akakubali. Na wewe, kijana wa Musa mwenye lori, ukawa mpishi wa mlango wa kijani.

Jamani, zile Ijumaa. Aabo, baba yetu, alikuwa mtu wa safari, leo Wajir, kesho Moyale, nyumbani tulimjua kwa honi. Lakini Ijumaa akiwa mjini, baada ya sala alinishika mkono tukaenda kwako. Basta, zile tambi za Kitaliano, hatukufundishwa na Bepe. Hooyo, mama yetu, aliipika nyumbani tangu sisi tukiwa watoto, kwa mchuzi wa mbuzi na ndizi mbivu, kama mama yake alivyopika. Kwa hiyo siku ya kwanza Aabo alikata ndizi akaipanga juu ya ile basta ya Bepe, na Mtaliano akashika kichwa. "Musa! Mimi nakufa leo! Ndizi juu ya pasta?" Aabo hakuinua hata macho. "Kufa taratibu," akamwambia, "lakini kwanza niletee ndizi nyingine." Hoteli nzima ilicheka mpaka watu wakapaliwa. Wewe ulitokeza kichwa jikoni, jasho linakutiririka, na Aabo akasema kwa sauti wote wasikie, "Huyo aliyepika ni wangu." Sijawahi kumsikia akimsifu mtu mwingine vile.

Ulikuwa mkali na jiko lako. Niliwahi kukuona ukinawa mikono mara tatu kwa sababu kiwiko kilikuwa kimegusa kile kidirisha. Ekai, yule Mturkana aliyepika upande wa pili, alikutania, "Yusuf, hata hewa yangu ni haramu?" Ukamjibu, "Ya leo ni ya vitunguu, naivumilia." Mlipendana, nyinyi wawili. Mlizungumza mbuzi na mpira kutwa kucha kupitia shimo lile, na hamkuwahi kupokezana hata chumvi.

Sasa ile Ijumaa. Nimeizunguka vya kutosha.

Aabo alikuwa na mgeni mezani, Mzee Jama, yule ambaye hakuikubali hoteli tangu mwanzo, alikuja siku ile kwa kubembelezwa. Mimi nilitumwa jikoni kuchukua ndizi. Ukanizuia mlangoni. "Ukila leo, umemaliza," ukasema. "Ijumaa ijayo ubaki na Hooyo. Umekuwa mkubwa. Wanaume wanaangalia."

"Nani ameangalia?"

"Mimi naangalia wanaoangalia. Chukua ndizi uende."

Ulikuwa na haki. Lakini mimi nilihisi umenipokonya baba. Siku moja kwa wiki, tena si kila wiki, nawe unaikata hivyo hivyo huku unakoroga mchuzi, hata kunitazama hunitazami. Nilisimama pale na ndizi zangu, nimejaa hasira.

Hapo Ekai akapiga kelele dirishani. "Yusuf, upawa wangu umekatika! Nina wahandisi kumi hapa wana njaa!" Ukakung'uta upawa wako, ukampitishia. "Chukua, umeshakuwa wako," ukamwambia, "usinirudishie hata katika ndoto." Kisha ukainama chini ya meza, ukatoa upawa mwingine wa bati, mpya, bado umefungwa karatasi ya dukani. Ukauosha, ukaendelea na kazi. Niliona yote. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako.

Nikarudi mezani, na kwa kuwa nilipenda kumchekesha Aabo, nikaigiza sauti ya Ekai na wahandisi wake kumi. Aabo akacheka. Mzee Jama hakucheka. Akaniuliza polepole, "Na upawa ukarudi?"

Aabo aliacha kukata ndizi. Kupitia mlango wa jikoni nilikuona umenipa mgongo. Nikasema, "Ndiyo. Ulirudi."

Sikujua nitasema hivyo mpaka nilipojisikia nikisema. Nilitaka ukaripiwe. Haki ya Mungu, Yusuf, ni hilo tu. Nilitaka Aabo akuite mbele ya watu akugombeze, kisha aseme binti yangu atakuja Ijumaa ijayo na nyingine na nyingine. Sikujua kwamba watu wazima wanaweza kuinuka wote kwa pamoja. Mzee Jama alitema kwenye sahani, akasimama, akasema, "Tumelishwa haramu!" Viti vikaanguka. Nje, wanaume waliingiza vidole kooni wajitapishe. Bepe akazunguka katikati yao akiuliza, "Nini? Nini?" na hakuna aliyemjibu.

Kesho yake mchana wazee walikaa sebuleni kwetu. Mimi niliwekwa nyuma ya pazia, wakaniuliza tena, nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa rahisi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ukaulizwa wewe. Ukasema, "Upawa ulitoka. Haukurudi. Nilitumia mwingine." Mzee Jama akakuuliza, "Basi dada yako ni mwongo?"

Ukatazama pazia. Nina hakika uliona miguu yangu. Ungeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli, nami ningechapwa na mambo yakaisha. Ukageuza macho kwa wazee. Kisha ukasema, "Labda nimesahau mimi."

Labda nimesahau mimi! Wewe, uliyenawa mara tatu kwa sababu ya kiwiko! Ilinichukua miaka kuelewa. Msichana akiitwa mwongo mbele ya wazee, nani atamposa? Ulipiga hesabu hiyo papo hapo, ukajitia shingoni kosa ambalo hukulifanya. Wakakuhukumu kwa maneno yako mwenyewe. Aabo hakupaza sauti. Alisema, "Umewalisha waumini kwa jina langu. Usile kwangu tena." Hooyo alilia jikoni. Wewe ukatoka na mfuko mmoja, ukanikuta kwenye pipa la maji nikilia, ukaniwekea mkono kichwani. "Usilie hivyo," ukasema. "Watasikia."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Ulikuwa unanificha bado.

Mlango wa kijani ulifungwa wiki ileile. Watu walifunga saumu za toba. Bepe alikuja nyumbani kwetu, hakufunguliwa, akasimama barabarani muda mrefu na kofia yake. Upande wetu akaufanya stoo ya makaa. Habari zako zilifika kwa vipande: dereva mmoja alikuona Moyale ukipika kwenye kibanda cha chai. Mwingine akasema umevuka mpaka. Halafu huko ng'ambo kukaharibika kwa vita, na hakuna aliyesema kitu tena.

Na mimi? Niliposwa, Yusuf. Niliolewa mtaani Kiwanjani na mtu mwema, nina watoto watatu. Unajua mama mkwe alinichagua kwa nini? Alisema anamtaka yule msichana aliyesema kweli hata juu ya ndugu yake. Nilisifiwa! Kwenye harusi yangu walilisema kwa kipaza sauti, nami nikainamisha macho, wakadhani ni haya.

Aabo amefariki. Arobaini yake ilipita mwezi uliopita. Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku chache afe, aliwatoa watu chumbani akaniita. Alikuwa amebaki mifupa. Akaniuliza, "Ule upawa. Kweli uliuona ukirudi?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa sisi wawili tu, hakuna Mzee Jama, hakuna pazia. Nikasema, "Ndiyo, Aabo."

Akafumba macho, akashusha pumzi. Nilijiambia ni huruma, kwamba nikimwambia kweli atakufa akijua alimfukuza mwanawe bure, na hana siku za kurekebisha. Uongo mwingine huo. Haikuwa huruma. Ulikuwa woga ule ule wa nilipokuwa na miaka kumi na minne, umeota mvi tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bepe. Sikuwa nimekanyaga tangu siku ile. Yuko hai, anakaa kwenye kiti mlangoni, macho hayaoni vizuri, akanisalimu kama mgeni. Niliingia upande wa wahandisi, mimi na buibui langu, watu wakageuka. Niliagiza chai tu, kwa kikombe cha karatasi. Ekai ndiye aliyeleta. Ameshakuwa mzee. Alinitambua mara moja, akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Mama," akasema, "siku ile ile nilikwenda kwa baba yako. Nilimwambia upawa haukurudi, ninao mimi. Alinisikiliza hapo mlangoni mpaka mwisho. Akaniambia, nichukue neno la mla nguruwe niliache la binti yangu?"

Akaniuliza kama una watoto huko uliko, kama unapika bado. Nikasema sijui. Akasema, "Alikuwa rafiki yangu," akainuka akarudi jikoni. Chai sikuinywa. Kumbe Aabo aliletewa ukweli siku ileile mpaka mlangoni, akaupima na neno langu, neno langu likawa zito zaidi. Alinipenda hivyo, Yusuf. Na mimi niliyatumia mapenzi hayo kukufuta wewe.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi hata urudi, maana sijui kama yupo wa kurudi. Siku hizi nikitaja jina lako kwa madereva, mmoja au wawili hutazama chini wakapanguza vioo vya malori, nami siwaulizi wanajua nini. Naandika kwa sababu huko mbele kuna watu wanaosema Yusuf wa Musa aliwalisha Waislamu haramu. Hakuwalisha. Alipika kwa mikono safi kuliko mikono yote niliyoijua. Anayesoma hii amwambie na mwenzake.

Limebaki jambo moja. Hooyo hajui. Tangu uondoke, kila Ramadhani huinua mikono akamwomba Mungu akusamehe kosa lako, nami hukaa naye mkeka mmoja nikiitikia amina. Sijui kama kuna dhambi kubwa kuliko ile amina. Lori linaondoka kesho. Kesho, baada ya sala ya asubuhi, kabla sijamkabidhi dereva barua hii, nitaketi mbele ya Hooyo nimsomee, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Nitamsomea yote, mpaka hapa. Nimejaribu kuwaza uso wake nikashindwa. Wewe walikutoa mikononi mwake. Mimi nitatoka mwenyewe, na kesho jioni, nadhani, Hooyo hatakuwa na mtoto hata mmoja.

Kwaheri, kaka.

Mimi mdogo wako, niliyesema uongo.